Harufu ya sigara kurudi baada ya kupaka rangi

Ndugu, umesema umeipaka nyumba rangi ya maji mikono miwili, na mvua zilipoanza harufu ya sigara ikarudi. Rangi haikuwa na kosa, ila ilipakwa juu ya uchafu. Moshi huacha utando wa lami na nikotini ukutani. Nikotini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo rangi ya maji huivuta hadi juu, na unyevunyevu huiamsha harufu. Futa ukuta kwa kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni: kikitoka na rangi ya chai, utando bado upo.

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, ukianza chini kupanda juu, maana michirizi ikishuka kwenye ukuta mkavu huacha alama ngumu kufutika. Badilisha maji kila yanapogeuka kahawia. Suuza, acha pakauke kabisa, kisha paka andakoti (rangi ya kutangulia) ya mafuta, madirisha yakiwa wazi na moto wowote umezimwa. Rangi ya maji ije mwisho.

Dari usiiruke hata kidogo! Moshi hupanda, kwa hiyo ndiyo chafu kuliko kuta. Osha pia mapanga ya feni upande wa juu, nyavu za madirisha na ndani ya makabati. Kichujio cha AC kioshwe, lakini koili zake mwachie fundi. Mapazia na zulia la zamani, bora uyatoe tu.

Jiki usichanganye na siki wala dawa yenye amonia. Hutoa gesi ya sumu.