Jibu kwa mwenye Impreza inayochemsha akishapita Gede: rejeta kubwa isubiri kwanza

Ndugu, umeuliza hivi: Subaru Impreza yako ya tabo (pampu inayosukuma hewa kwenye injini) imeongezwa nguvu, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) imehamishiwa mbele kutoka juu ya injini. Mjini Malindi haina shida, lakini ukishapita Gede kuelekea Kilifi na ukaikanyaga, mshale wa joto la maji unapanda. Fundi amekwambia dawa ni rejeta ya alumini ya safu tatu. Usinunue kwanza. Mimi nilinunua.

Langu ni Impreza STI ya lita mbili, ile iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 280, nami nikalibadilishia tabo. Nikaweka intakula pana nyuma ya bampa, na nyuma yake hiyo rejeta nene. Safari ya kwanza ilikuwa Januari, jua la kaskazi. Matsangoni geji ya maji ilisoma digrii 104, Tezo 109, na kabla ya daraja la Kilifi nilikuwa nimeegesha, boneti juu, wauza korosho wananipa pole. Pesa yote ile!

Nilichokuja kuelewa ni kwamba maji hayapoi kwa sababu rejeta ni kubwa, yanapoa kwa hewa inayopita ndani yake. Petroli unayoichoma, theluthi yake tu au pungufu ndiyo inayosukuma gari. Nyingine inatoka na ekzosi, na iliyobaki inabebwa na maji na oili. Ukiongeza nguvu, umeongeza na mzigo wa joto. Sasa hewa ikiwa na njia rahisi ya kupita pembeni, kwa nini ijipenyeze kwenye matundu membamba ya intakula, kisha ya rejeta?

Jioni moja niliwasha gari nyumbani, feni zikaanza kuzunguka, nikashika kipande cha tishu mbele ya bampa. Katikati kilinasa kwenye intakula, sawa. Nikakisogeza ubavuni, penye uwazi wa vidole viwili kati ya rejeta na fremu: kikapeperuka kuja usoni kwangu, na hewa iliyokisukuma ilikuwa ya moto. Yaani feni zilikuwa zinavuta tena hewa ileile iliyokwisha kupita kwenye rejeta! Hapo gari limesimama. Likienda kasi mambo yanageuka, hewa baridi ndiyo inayokimbilia uwazi huo na kuiacha rejeta.

Nikaziba. Kwanza nilikata kandambili kuukuu, zikakaa siku mbili na kulegea kama halua. Usizitumie. Nikaenda kwa mafundi bati, wakanikatia vipande vya alumini kuanzia mdomo wa bampa mpaka ubavu wa rejeta, pande zote mbili na juu, na ukingoni nikavalisha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kazi ya asubuhi moja.

Halafu kuna ile plastiki ya chini ya injini. Inama uangalie kama ipo. Gari hizi zikienda kumwagwa oili hufunguliwa plastiki hiyo, skrubu zikapotea, ikabaki ukutani kwa fundi. Watu wanadhani ni ya kuzuia matope tu. Bila hiyo, hewa ya chini ya gari hujaa kwenye chumba cha injini, na iliyopita kwenye rejeta inakosa pa kutokea. Yangu niliikuta imekatika, nikatengenezewa nyingine ya bati. Barabara ileile, mguu uleule, geji ikakaa 96.

Tena kaskazi yenyewe ina lake. Ukiteremka kwenda Mombasa Januari, upepo uko mgongoni. Uko nyuma ya lori kwa kilomita 40 kwa saa, upepo unavuma 25, rejeta inapata hewa ya 15 tu. Ndiyo maana kurudi Malindi gari lilikuwa likitulia, nami nikidhani ni bahati.

Usidanganyike na wale wanaoinua boneti upande wa kioo kwa kuweka washa (vile vipete vya chuma vya kwenye bolti) kwenye bawaba. Chini ya kioo cha mbele hewa hukandamizwa, kwa hiyo mwendoni inaweza kuingia badala ya kutoka. Ukitaka matundu, yawe sehemu ya mbele au katikati ya boneti. Na mvua ya masika itaingia, ujue.

Maji: usikubali dumu la kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hula alumini kimyakimya. Changanya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji ya betri, yale yasiyo na asidi, nusu kwa nusu. Kifuniko kichovu cha rejeta kibadilishe. Kinachoshika presha ya bar 1.1 kinafanya hata maji matupu yasichemke mpaka karibu digrii 120, kikilegea umerudi kwenye 100. Themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, irudishe kama fundi aliitoa. Hufunguka karibu na digrii 78, na bila hiyo asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inamwaga petroli bure.

Intakula usiirudishe juu. Hewa ya digrii 32 ikisukumwa na tabo kwa bar 1 hutoka na zaidi ya 100, na ikiingia hivyo kwenye silinda injini itagonga, yaani petroli italipuka kabla ya wakati wake. Ila weka geji ya oili pia, maana oili hupanda polepole na kushuka polepole, wakati maji yameshakwambia mambo ni mazuri. Mimi ikifika 120 naachia mguu, 130 siitaki kabisa. Nikirudi, kuanzia Msabaha, karibu kufika Malindi, naendesha kama nimebeba mayai, tabo ipoe kabla sijazima.

Jambo moja ulifanye kabla ya yote haya. Kesho alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa moto usiguse kifuniko, nimeona mkono wa mtu ulivyobabuka), fungua, washa, ongeza mwendo kidogo na utazame maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonasa, injini hizi za kulala (silinda zake zimelazwa ubavu) zina tabia hiyo, zitoe pole pole. Yakizidi kuja bila kukoma, au siku nyingine, kifuniko kikiwa kimefungwa, mipira ya maji ikawa migumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha ya baridi, basi ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Hapo bati hazisaidii, hedi ishuke.