Vitone vyeusi kwenye buluu

SWALI: Kwenye jumba la makumbusho niliona mtungi wa Kichina wa enzi ya Yuan, mweupe wenye michoro ya buluu. Mbona buluu ina vitone vyeusi? Ni uchafu?

JIBU: Si uchafu, na visisuguliwe kamwe! Buluu hiyo ni kobalti, rangi ya madini iliyoagizwa kutoka Uajemi, yenye chuma kingi. Fundi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, alichora juu ya udongo mkavu usiochomwa, akapaka glezi, yaani utando wa kioo, kisha akachoma mara moja tu, kwa joto la takriban nyuzi 1300. Brashi ilipoacha rangi nene, chuma kilizidi, kikapenya hadi juu ya glezi na kuganda cheusi. Tazama kwa pembeni, mwanga ukiteleza: mng'ao hukatika penye kitone, mara nyingi na kibonyeo.

Lakini vitone pekee havithibitishi umri. Karne ya 18 mafundi waliviiga kwa kudonoa rangi kwa brashi, vikatoka vimepangika mno. Ushahidi wenye uzito zaidi ni maandishi yenye tarehe, kama yale ya mwaka 1351 shingoni mwa mitungi miwili iitwayo ya David, kwa jina la mkusanyaji wake Percival David, British Museum, London.