Ahadi hutimizwa, agano hushikwa

SWALI: Kwenye mafundisho ya Biblia mwalimu wetu alisema, "Mungu alitimiza maagano yake yote kwa Waisraeli." Mzee mmoja akamkatiza: "Sema ahadi." Mwalimu akajibu kwamba ni kitu kilekile. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mzee yuko sahihi, na umfikishie shikamoo yangu. Hilo "kutimiza agano" limenichoma masikio miaka mingi, na leo nalimaliza.

Asili kwanza, kwa ufupi. "Ahadi" tuliipokea kutoka Kiarabu, na huko neno hilohilo hubeba mizigo yote miwili: Wakristo wasemao Kiarabu huliita Agano la Kale al-ahd al-qadim. Sisi tulikuwa na neno letu la pili, "agano", lililozaliwa na kitenzi "agana". Itazame hiyo -an- iliyo katikati yake. Ni ileile ya pendana na shikana. Mtu anaweza kuahidi peke yake, lakini hawezi kuagana peke yake.

Sasa twende Mwanzo 15, maana hapo ndipo maneno haya mawili yanapoonekana yakiwa bega kwa bega. Abramu hana mtoto. Mungu anamwambia azitazame nyota, uzao wake utakuwa hivyo. Hiyo ni ahadi. Kisha Abramu anaambiwa alete mtamba wa miaka mitatu, mbuzi mke wa miaka mitatu, kondoo mume wa miaka mitatu, hua na mwana wa njiwa. Wanyama anawapasua vipande viwili na kuvipanga vikielekeana, ndege hawapasui. Tai wanatua juu ya mizoga, anawafukuza. Jua linapokuchwa usingizi mzito unamshika, na gizani tanuru ya moshi na mwenge wa moto vinapita katikati ya vile vipande. Hilo ndilo agano. Kiebrania husema "kukata agano", na Yeremia 34 inaonyesha kwa nini: aliyepita kati ya vipande vya ndama kisha akavunja neno lake, yampate yaliyompata ndama. Usiku ule Abramu hakupita. Mungu ndiye aliyejifunga.

Niambie basi, kitu kama hicho unakitimizaje? Ahadi ukiitimiza imekwisha. Nilikuahidi mbuzi, nimekuletea mbuzi, tumemalizana. Ukisema Mungu "ametimiza agano" lake na Israeli, Kiswahili chako kinasema wamemalizana, kila mmoja ashike njia yake. Wewe ulitaka kumsifu kwa uaminifu, kumbe umetangaza talaka!

Waliotupa Biblia ya Union Version mwaka 1952 walilijua hili. Kumbukumbu la Torati 7:9 inamwita "Mungu mwaminifu, ashikaye agano lake". Kutoka 2:24, watumwa wanaugua huko Misri, na Mungu "akakumbuka agano lake". Mwanzo 17:7, "nitalifanya imara". Kushika, kukumbuka, kufanya imara: ni vitenzi vya kitu kinachoendelea kuishi. Lakini ukifika Yoshua 21, nchi imekwisha kugawanywa kwa makabila, unaambiwa halikuanguka neno lolote jema ambalo Bwana aliinenea nyumba ya Israeli. "Mambo yote yakatimia". Nchi ilikuwa imeahidiwa, ikatolewa, ikatimia. Agano halikuishia hapo, liliendelea na watu wakiwa ndani ya nchi hiyo.

Tena liliendelea hata wao walipoliacha. Yeremia 31 inasema wazi kwamba walilivunja lile walilopewa walipotolewa Misri, na papo hapo Mungu anaahidi agano jipya na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Walichukuliwa mateka hadi Babeli. Yeremia 29 ikawaahidi kwamba miaka 70 ikiisha watarudishwa, na Koreshi wa Uajemi alipowaruhusu kurudi Yerusalemu, ahadi hiyo ilitimia. Mmoja amevunja, mwenzake bado ameshika: habari nzima ya Israeli imo katika vitenzi hivyo viwili. Weka "timiza" mahali pa "shika", na habari yenyewe inapotea.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia kwenye mkesha wa mwaka mpya, "Mwaka huu Mungu anatimiza agano lako la gari!" Hilo si agano, na sijui ni lini gari liliahidiwa. Unayemwombea jirani yako gari, sema unaomba. Neno lililobeba damu ya Kutoka 24, iliyonyunyizwa juu ya watu wakisema "tutatii", usilifanye kibandiko cha kila tunachokitamani.

Watu wawili waliopatana kukutana saa nne, kisha wakasema "tumetimiza agano letu", hao nawaacha, ingawa "miadi" ipo na inatosha. Nimechoka kupigania kila kitu.

Mwalimu wako mwambie aseme hivi: "Mungu alizitimiza ahadi zake kwa Waisraeli, na agano lake akalishika." Na akitaka wingi, ni ahadi hizi na maagano haya. "Maahadi" asinilete kabisa.