Zilinde Dakika 15 za Mwisho za Kongamano

Kinachoua mwisho wa kongamano mara nyingi ni orodha ya shukrani. Msemaji wa mwisho amewagusa watu, ukumbi umetulia tuli, halafu mshereheshaji anashika kipaza sauti na kuanza kusoma majina ya wafadhili, saa ya kuondoka mabasi na habari za funguo zilizookotwa. Dakika tano baadaye nusu ya watu wameshabeba mikoba yao.

Hilo si jambo dogo. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walitia mkono kwenye maji baridi ya kuumiza, ya nyuzi joto 14 za Selsiasi, kwa sekunde 60. Katika awamu nyingine walikaa sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa 30 huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoambiwa wachague awamu ya kurudia, wengi walichagua ile ndefu, ingawa jumla ya mateso yake ilikuwa kubwa zaidi. Kumbukumbu hushika kilele na mwisho. Urefu wa jambo haiujali sana.

Kwa hiyo shukrani, vyeti, fomu za tathmini na matangazo yote yaishe kabla ya mapumziko ya mwisho. Watu wakirudi ukumbini wakute jambo moja tu linawasubiri.

Ukitaka kuonyesha picha za siku hizo, picha 40 za sekunde 4 kila moja zinachukua dakika 2 na sekunde 40, na hapo panatosha. Chagua nyuso za washiriki wakicheka, wakibishana, wakiandika. Za wakuu jukwaani zisizidi mbili. Mpe mpiga picha saa ya mwisho ya kuleta picha, angalau saa tatu kabla ya kufunga. Faili liwe ndani ya kompyuta, kwa maana intaneti ya ukumbi hukata wakati kila mtu anatuma picha zake, na lijaribiwe kwenye spika zilezile zitakazotumika.

Kisha asimame mtu mmoja. Asiwe mwenye cheo kikubwa kuliko wote. Awe yule ambaye kazi iliyojadiliwa imebadilisha maisha yake. Mpe dakika nne na umwombe aandike aya yake ya mwisho neno kwa neno, kwa sababu asiyejua sentensi yake ya mwisho huzunguka akiitafuta na kuumaliza moto aliouwasha. Fanya naye mazoezi mara mbili, jukwaani. Muulize pia, mkiwa faragha, ni sehemu gani ya maisha yake asingependa isemwe, na uiheshimu. Kumsukuma mtu alie mbele ya watu 300 ni kumtumia, na watazamaji huliona hilo upesi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ukimya unaofuata. Sekunde nane bila neno. Mshereheshaji huziona ndefu mno na huruka kuzijaza kwa "makofi tafadhali!", hivyo mwambie mapema ahesabu kimoyomoyo hadi nane. Fundi mitambo naye aambiwe: muziki uanze chini kabisa baada ya hapo, upande taratibu, na taa zisiwashwe zote kwa mpigo.

Wimbo wa pamoja unafaa ikiwa watu wanaujua tayari. Ubeti mmoja tu, maneno kwenye skrini, na kiongozi aanze kwa sauti ya chini, maana akianzia juu wengi watashindwa na kunyamaza. Kupitisha kipaza sauti ili kila mtu aseme neno moja tunakushauri uache kama watu wanazidi 25. Sekunde 20 kwa kila mmoja ni zaidi ya dakika nane, na hakuna anayesema neno moja.

Ratiba ikichelewa, na itachelewa, waandaaji hukata mwisho kwa kuwa ndio uliobaki. Wiki moja kabla, andikeni kwa majina ni kipindi kipi cha mchana kitafupishwa kwa dakika 20, na mwenye kipindi hicho aambiwe siku hiyohiyo.

Milango ifunguliwe muziki ukiwa bado unasikika. Wahudumu wasikunje kiti hata kimoja kwa dakika 15 za kwanza, kwani ndipo watu hukumbatiana na kupeana namba.