Baba ameacha dawa za presha kwa sababu anajisikia mzima

Pole sana dada. Nimekuelewa: baba ana miezi miwili hajameza dawa za presha, anasema haumwi popote, na ukimkumbusha anakuwa mkali. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Siku moja natandika kitanda chake nikakuta vidonge vya wiki tatu chini ya godoro, vimefungwa kwenye karatasi.

Presha mara nyingi haiumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Inaharibu mishipa, figo na moyo kimyakimya huku mtu anatembea vizuri tu. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu anavyojisikia, mpime. Akae dakika 5 ameegemea kiti, nyayo zikanyage chini, asiongee, mkono uwe usawa wa moyo. Mpime, rudia kupima baada ya dakika moja, andika namba kwenye kidaftari. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku chache. Mama alipoona mwenyewe namba zinapita 140/90 kila siku, alinyamaza.

Muulize pia, kwa upole, kwa nini aliacha. Mama alikuwa anaamka kukojoa usiku kucha. Daktari akamhamishia dawa asubuhi, akalala. Usimrudishie dozi wewe mwenyewe, mpeleke kwa daktari wiki hii na hicho kidaftari.

Ila ukiona mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno yanakwama au kifua kinambana, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kukuche.