Picha za Montaut za mbio za magari: magurudumu yaliyolala na rangi za mkono

Ndugu muulizaji, nianze na hayo magurudumu ya picha uliyonunua, ambayo umeyaona yana umbo la yai na yamelalia mbele, ukadhani mchoraji alikosea. Hakukosea. Ernest Montaut, Mfaransa aliyefariki mwaka 1909 akiwa na umri wa takriban miaka 30, aliyapinda makusudi ili gari lionekane linakimbia, na ndiyo maana nyuma yake utaona pia mistari ya upepo na vumbi lililotimka. Mwendo huo ulikuwa mgeni machoni pa watu: katika Grand Prix ya Ufaransa ya 1906, karibu na Le Mans, Ferenc Szisz alishinda na Renault baada ya kuzunguka njia ya kilomita 103 mara 12 kwa siku mbili, kwa wastani wa takriban kilomita 100 kwa saa.

Kamera nayo ilikuja kutoa umbo hilohilo. Katika picha maarufu ya gari la mbio ya mpiga picha Mfaransa Jacques Henri Lartigue, iliyopigwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, gurudumu limelala mbele kwa sababu upenyo wa shata (pazia la ndani ya kamera linaloruhusu mwanga kuingia) ulipita hatua kwa hatua, hivyo sehemu ya juu ya gurudumu ikanaswa baada ya ile ya chini, gari likiwa limekwisha kusogea.

Kuhusu swali lako la pili, yaani utajuaje kwamba picha ni ya zamani, nitasema niliyojifunza katika miaka tisa ya kutia picha fremu mjini Paris. Usihangaike kwanza na sahihi, kwa maana sahihi hunakiliwa pamoja na picha. Chukua kioo cha kukuzia utazame anga. Katika chapa za Montaut ni mistari tu iliyochapwa kwa litografia, yaani kwa mchoro uliochorwa juu ya jiwe. Rangi zilipakwa kwa mkono, brashi ikipita juu ya stensili (kiolezo kilichokatwa tundu la umbo), moja kwa kila rangi. Kwa hiyo utaona nyayo za brashi, rangi iliyojikusanya ukingoni mwa umbo, na pengine imevuka mstari kidogo. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine, hata kama karatasi imegeuka manjano (karatasi huzeeshwa kwa chai, nimeyaona hayo).

Picha ya mashindano ya baada ya 1909 isikutie shaka ikiwa na sahihi ya Gamy. Huyo ni mkewe, Marguerite, aliyeendeleza kazi. Kwa macho yangu magari yake yametulia zaidi, ila anga zake ni nzuri kuliko za mumewe.

Jambo moja nakusihi: usiifute kwa kitambaa chenye maji. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kuondoa doa dogo pembeni mwa picha ya mteja, nikatumia pamba yenye unyevu kidogo tu, na bluu ya anga ikaja yote na pamba. Nililazimika kumlipa mteja huyo, na picha hiyo hadi leo ninayo ukutani, ikiwa na tundu jeupe juu ya kofia ya dereva.