Kabla ya Kupuliza Dawa ya Kunguni, Shughulikia Pampu ya Samaki

Keateka, yaani msimamizi wa jengo, akituma ujumbe kwamba kesho wanapuliza dawa ya kunguni, huwa anataja unga, vyombo na watoto. Samaki hawamo. Naishi kwenye fleti mtaa wa Zimmerman, Nairobi, na tangi langu la samaki liko sebuleni, kwa hivyo haya nimelazimika kuyajua.

Anza na pampu ya hewa, kabla hata ya kifuniko. Pampu huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini mchana kutwa. Ukilifunika tangi vizuri kisha ukaiacha ingurume pale kando, ni kama umewadunga samaki sindano ya ile dawa.

Dawa nyingi za kupuliza ndani ni za jamii ya pairethroidi: permethrini, saipamethrini, deltamethrini. Zilibuniwa kwa kuiga sumu iliyo kwenye maua ya pareto, yaleyale yanayolimwa Molo na Kisii. Basi fundi akikwambia, "Hii ni pareto tu, ni ya asili," usilegee. Kwa samaki, hata pareto yenyewe ni sumu. Ini la binadamu huivunja upesi; la samaki hujikokota, na matamvua yake yanaendelea kuifyonza. Kwa samaki wengi, mikrogramu chache katika lita moja ya maji zinatosha kuua, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukungu ukiwa umetua juu ya maji, kiasi hicho si kigumu kufikiwa. Ukifuga kamba wadogo, wao ndio hutangulia.

Mimi huwahamisha: ndoo kubwa, maji ya tangi lenyewe, pampu yao, na rafiki wa jengo jingine asiyechoka kuombwa. Tangi likiwa kubwa mno, peleka pampu mahali pasipopulizwa na uunganishe mpira mrefu. Funika kwa karatasi pana ya plastiki kutoka hadweya, yaani duka la vifaa vya ujenzi, ubane kingo kwa selotepu, ukiacha upenyo wa mpira tu. Ukirudi, fungua madirisha na upanguse kifuniko kabla ya kukiondoa.

Samaki wakianza kuzunguka ovyo, kulala ubavu au kuhema juu ya maji, badilisha nusu ya maji papo hapo, kisha weka mkaa maalumu wa kuchujia, si wa jiko. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo kuwa na akiba iliyokaa wazi siku nzima, lakini si katika nyumba inayopulizwa, maana ndoo nayo hupokea ukungu. Osha changarawe na utupe sponji ya kichujio. Dawa hizi hung'ang'ania vitu hivyo kuliko zinavyokaa majini.

Wenye mabwawa ya ngege na kambare kule Ruai na Kamulu, pembezoni mwa Nairobi, wanasumbuliwa zaidi na jirani anayepulizia dawa shamba lake la nyanya. Mara nyingi hakuna samaki anayeelea. Dawa inayopeperuka huua wadudu wadogo wa majini ambao vifaranga wa samaki huwala, nawe unabaki kulaumu chakula cha dukani kwa sababu samaki hawanenepi. Elewana naye apulize alfajiri upepo ukiwa umetulia, na ukanda wa nyasi ubaki kati yenu. Kubwa zaidi, asioshee bomba lake la kupulizia, lile la mgongoni, kwenye mfereji unaoingia bwawani. Mchotee maji ya kuoshea, kisha ayamwage shambani kwake.